Nyota Bado Zinazaliwa

Mimi si mtu wa kusamehe haraka. Walionizoea wanajua. Kuna jirani aliyeniharibia sufuria mwaka niliohamia Kyuso, na hadi leo nikimwona naikumbuka sufuria kwanza, yeye baadaye. Naliandika hili mapema ili msomaji asinitarajie kuwa mwema kuliko nilivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa UT katika shule ya msingi iliyokuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Mukuyuni. UT ndivyo walivyoitwa walimu ambao hawakuwa wamesomea ualimu. Ulipewa chaki, ukapewa darasa, ukaambiwa utakaa hapo mpaka apatikane mwenye cheti. Kila muhula ulipofunguliwa tulitazama barabara kama kuna mtu anakuja na sanduku.

Tulikuwa wawili wa namna hiyo, wasichana, na tuliwekwa nyumba moja ya vyumba viwili nyuma ya shule. Tulikuwa na karai moja, taa moja, na pazia la gunia lililogawa mahali pa kulala na mahali pa jiko. Mwenzangu alikuwa amemaliza kidato cha nne. Mimi niliachia cha pili, baba alipofariki na mama akabaki na wadogo wanne. Kiingereza kwake kilikuwa maji. Kwangu kilikuwa njia ya miiba. Nilifika, lakini polepole na nikiangalia chini.

Wamishonari walioijenga ile shule waliondoka wakaacha sanduku la vitabu kwenye stoo, na mchwa wakasoma kabla yetu. Ensaiklopidia nzima ililiwa, kikabaki kitabu kimoja tu, chenye herufi N na O za Kiingereza. Basi sisi wawili tulikuwa na elimu ya ajabu. Tulijua habari za Norwe, za mto Naili, za nikeli, za sindano zinavyotengenezwa kiwandani, za vitunguu na za pweza, na hatukujua chochote kinachoanza na P. Jioni tukishakula isyo, mahindi yetu na maharagwe, yeye alisoma kwa sauti akinitafsiria, mimi nikisahihisha madaftari.

Ndivyo tulivyofika kwenye neno nebula. Palikuwa na picha moja, nyeusi na nyeupe, iliyochafuka pembeni kwa maji. Ilionyesha kitu kama moshi wa kuni mbichi umesimama bila upepo, na ndani yake vidoa vya mwanga. Mwenzangu alisoma ukurasa huo mara mbili kimya, tabia ambayo hakuwa nayo, halafu akaniambia tuombe darubini ya mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu alikuwa mzee aliyepigana Burma na kurudi na darubini ya kijeshi ya macho mawili. Jicho moja lilikuwa limepasuka. Alituazima Ijumaa, akatuonya tusiiweke chini. Ilikuwa Januari, mahindi ya mvua za vuli yamekomaa, na saa mbili kasoro giza lilikuwa limeshaiva. Mwenzangu alisimama uani, mkono mmoja darubini, mkono mwingine hindi la kuchoma, akanielekeza. Kuna zile nyota tatu zilizopangana mstari, ambazo kila mtoto anazijua. Upande wa kusini wake kuna nyingine tatu, ndogo, hafifu. Tazama ya katikati.

Nilitazama kwa jicho zima. Ya katikati haikuwa nyota. Ilikuwa ukungu. Nyota zilizoizunguka zilikuwa kali kama ncha ya sindano, lakini hiyo ilikuwa imetandaa, ya kijivu inayokaribia kijani, na katikati yake mna punje za mwanga zimebanana. Nilifikiri ni lile jicho bovu. Nikapangusa kioo kwa leso, nikatazama tena, ukungu ulikuwa pale pale.

"Hiyo ni gesi na vumbi," akaniambia. "Vumbi laini kushinda moshi wa taa. Kitabu inasema ikikusanyika mahali pamoja, inajivuta kwa uzito yake, inabanana, inapata moto, mpaka inawaka. Inakuwa nyota."

"Zamani?"

"Si zamani. Hata saa hii." Akatafuna, akameza. "Nyota bado zinazaliwa, mwalimu. Hii kazi haijaisha."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, na niko tayari kuapa. Sijawahi kuambiwa jambo likaniingia namna hiyo. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba mbingu ni kitu kilichokamilika kitambo, kama bakuli la bibi ambalo kazi yako ni kutolivunja. Kumbe huko juu kulikuwa na jiko linafuka. Sikulala mapema siku hiyo, na si kwa hofu. Ilikuwa furaha tu.

Tangu hapo tulitazama kila Ijumaa tuliyopewa darubini. Mvua ya masika ilipopungua, akanionyesha doa jeusi kando ya Msalaba wa Kusini, katikati ya ile Njia ya Maziwa. Nyumbani kwetu tulidhani pale ni shimo. "Si shimo," akasema. "Nyota ziko nyuma. Ni vumbi imezifunika." Nilimwonea fahari, kama vile vumbi lile amelimwaga yeye.

Kosa langu lilikuwa kufundisha. Nilikuwa na darasa la sita, somo la maumbile. Darasa lilikuwa la udongo, juu mabati yaliyotobolewa misumari mara mbili tatu kila mahali, na asubuhi jua lilipopanda miale myembamba ilishuka hadi kwenye madawati. Siku moja nilimwambia msichana wa mbele afagie sakafu bila kunyunyiza maji. Vumbi likapanda, na ile miale ikaonekana kama fimbo. Nikawaambia: vumbi lipo chumba kizima, lakini mnaliona pale tu linapopigwa na mwanga. Ndivyo lilivyo na huko mbinguni. Na pale lisipopigwa na mwanga linaonekana jeusi, mkadhani ni shimo. Kisha nikawaambia kwamba katika vumbi hilo nyota bado zinazaliwa, na kwamba kazi haijaisha.

Sikusema nimeambiwa na nani. Mwalimu hasemi nani alimwambia. Ukianza hivyo, watoto watataka kufundishwa na huyo mwingine.

Baada ya wiki alikuja mzee mmoja wa kanisa ambaye mtoto wake alikuwa darasani mwangu. Alikuwa mtu mpole. Alivua kofia, akakataa kiti.

"Mwalimu, huyu mtoto amesema Mungu hajamaliza kazi. Ni wewe umemwambia?"

"Nilisema habari ya nyota, mzee."

"Na nyota ni kazi ya nani?"

Akavaa kofia, akanitakia siku njema. Jioni nilimsimulia mwenzangu, tukacheka mpaka chai ikamwagika. Akasema ninyamaze tu, itapita. Angeweza kwenda kwa yule mzee akasema ni yeye aliyenisomea. Sikumwomba, wala yeye hakusema atakwenda, na kwa kweli siku ile halikuwa jambo.

Likawa jambo kwa sababu ya barua. Shule ilikuwa chini ya kanisa, na kuingia chuo cha ualimu kulitaka barua ya pasta kusema tabia yako ni njema na imani yako imenyooka. Kwa mwaka parokia yetu ilitoa barua moja, kwa mtu mmoja, na kamati ya wazee iliketi mwezi wa kumi kuamua. Bila barua hukuwa na chuo, na bila chuo ungefundisha mpaka mwenye cheti afike, kisha uende zako. Tulikuwa tumekubaliana. Mimi nilikuwa nimetangulia kufika shuleni kwa mwaka mmoja, kwa hivyo ningetangulia kwenda. Yeye mwaka unaofuata. Tulikubaliana kwa kupeana mkono juu ya karai la nguo, mikono ina povu. Mama yangu nilikuwa nimeshamwambia.

Jambo ambalo sikulipa uzito ni mbuzi. Likizo ya Desemba, baba yake alikuwa amepokea mbuzi watatu wa ntheo kutoka kwa mfanyabiashara wa mifugo. Kwetu Ukambani mbuzi hao wakishapokelewa, msichana ameshakuwa wa watu. Yanayobaki ni mazungumzo. Yule bwana alikuwa na umri wa kumzaa. Mwenzangu alilitaja mara moja tu, akakausha sahani akaiweka. Mwanafunzi wa chuo, hata hivyo, wazazi walimwachia amalize. Hilo tulilijua wote.

Jumapili moja ya Septemba, vumbi la kiangazi limejaa mpaka kwenye vitabu vya nyimbo, pasta alitoa nafasi ya ushuhuda. Ambaye hajakulia katika makanisa yetu inafaa aelewe desturi hii. Mtu anasimama, anaungama dhambi zake mwenyewe, hamtaji mwingine. Akimaliza, kanisa linaimba, wanaomkaribia wanamkumbatia. Ushuhuda haujibiwi. Hakuna anayesimama kusema si kweli, kwa sababu utakuwa unabishana na toba ya mtu, na Roho aliyemsimamisha.

Mwenzangu alisimama. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikasogeza magoti apite.

"Bwana asifiwe," akasema. "Mimi nataka kutubu. Ndani ya nyumba ninayolala kumekuwa na mafundisho kwamba Mungu hakumaliza kazi yake. Kwamba nyota zinajizaa zenyewe na vumbi. Mimi nilisikia, nikanyamaza. Nikapenda kusikia. Leo naiacha. Mniombee."

Hakunitaja. Alifuata desturi neno kwa neno. Lakini nyumba aliyolala ilikuwa na watu wawili, na darasa la sita lilikuwa limeketi pale mbele kwenye mikeka. Wimbo ukaanza. Wanawake wakageuka kunitazama bila kugeuza shingo, namna ile wanawake wa kanisa wanavyojua.

Na mimi nikaimba. Kati ya yote, hilo ndilo linaloniudhi kuliko mengine hadi leo. Nilisimama, nikapiga makofi, nikaimba beti zote, nikijua kila neno la ule ushuhuda lilikuwa limetoka mdomoni mwake kwanza, likiwa na harufu ya hindi la kuchoma.

Nyumbani alipika kama kawaida. Nilingoja ainue macho, hakuinua. Nikamwambia, "Ni wewe ulisema. Ulinisomea. Mimi hata ile ukurasa singeiweza."

"Sikutaja jina yako."

"Ungetaja ingekuwa afadhali. Ningejibu."

Akakoroga sufuria. "Wewe hakuna mtu anakungoja na mbuzi," akasema. "Wewe utakuwa sawa."

"Si ungeniomba?"

Nimelirudia swali hilo miaka mingi, nikipima ndengu, choroko za kwetu, nikifua, nikiwa msibani kwa watu. Angeniomba ile barua, ningempa? Nafikiri ningempa. Sina hakika, na yeye ndiye aliyeninyima nafasi ya kujua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikiisikia methali hiyo tangu utotoni nikidhani ni habari ya chawa.

Pasta aliniita mwezi wa kumi. Aliniongelesha kwa upole ambao ulinichoma kuliko ukali. Alisema kamati imeona ningoje kidogo, nikue katika Neno. Nilimwambia yule aliyetubu ndiye aliyenifundisha. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniambia si vizuri kumwekea dada yangu mzigo alioutua. Nikaona mlango umefungwa kwa ufunguo wa utakatifu, na ufunguo huo sikuwa nao.

Januari alikwenda chuo. Tulipeana mikono, mikavu safari hii. Kile kitabu cha N na O alikiweka ndani ya sanduku lake bila kuniuliza. Mwaka uliofuata, muhula wa pili, alikuja kijana mwenye cheti na godoro jipya, nami nikakabidhi rejista. Mama hakunilaumu. Alisema tu kwamba alikuwa ameshawaambia majirani.

Nilikwenda Kyuso kwa mjomba aliyekuwa na duka, nikasaidia, nikaolewa, nikazaa, mwishowe duka likawa langu. Ndengu, chumvi, majani ya chai, kamba za mbuzi. Wasomali waliokuja na ng'ombe walinunua kwangu sukari kwa gunia. Maisha hayakuwa mabaya, nisiwadanganye. Lakini kwa miaka kadhaa sikutazama juu. Nikitoka uani jioni nilitazama chini kama mtu aliyeangusha kitufe. Kisha mwaka mmoja wa ukame, mawingu yalipokataa kabisa kuja, nikainua macho kutafuta mvua na badala yake nikaona ile ya katikati. Bila darubini, kwa macho matupu, ilikuwa bado na ukungu. Nililia, na nililia kwa hasira. Nilikuwa nimeinyima haki kwa sababu ya mtu. Tangu siku hiyo nikarudi kuitazama.

Katikati ya miaka ya tisini, akina mama wa kanisa kutoka upande wa Makueni walikuja Kyuso kwa mkutano wa siku tatu. Siku ya pili, mchana, wanawake watatu waliingia dukani. Wa katikati alikuwa amenenepa, amevaa miwani na kitambaa cha ushirika wao. Nilimjua kabla hajavuka kizingiti. Nilikuwa nimesikia kwamba alikuwa mwalimu mkuu sasa, na kwamba mumewe alifanya kazi pale kituo cha utafiti wa kilimo Kiboko. Yule wa mbuzi alirudishiwa mbuzi wake zamani.

Nilisema ndani yangu: amekuja. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemtengea msamaha wake, nikiutoa na kuurudisha, nikijua maneno nitakayomwambia akiuomba. Singempa upesi. Lakini ningempa.

Alifungua Biblia, akatoa ukurasa uliochanwa kwenye jarida, akautandaza juu ya kaunta, kando ya mizani. Ilikuwa picha ya rangi iliyopigwa na darubini inayozunguka huko juu, nje ya hewa. Nguzo za vumbi zimesimama, za kahawia na nyeusi, nzito kama mvua inayotoka upande wa mlima, na kwenye ncha zake mwanga unachomoza. Maandishi ya chini yalisema ndani ya nguzo hizo nyota changa zinaendelea kuzaliwa. Nilisahau kwamba nimekasirika. Niliinama nikaitazama mpaka pumzi yangu ikapeperusha karatasi.

"Nilipoiona tu nikasema lazima nikuletee," akasema. "Nilikukosea, dada. Wewe uliniambia hii maneno zamani, na mimi nikasimama kanisani nikakuumiza juu yake. Nilikuwa mtoto, nilidhani natetea Mungu. Kumbe ulikuwa umesema kweli. Nisamehe."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa.

"Ni wewe uliniambia," nikasema. "Kitabu ulisoma wewe. Na darubini ulitaka wewe."

Alitabasamu, akanishika mkono. "Unaona?" akawaambia wale wawili. "Ndiyo huyu niliwaambia. Hata sasa hataki sifa." Wakaitikia kwa sauti ndogo ya kumshukuru Mungu. Kumbe alikuwa akisimulia shuleni kwake kila mwaka, kwa darasa la nane: habari za mwalimu mmoja asiye na cheti, aliyejua siri ya nyota wakati wasomi wamelala, na rafiki yake aliyemkana kwa imani changa. Watoto, akasema, huipenda sana.

Nilimtazama usoni. Uso ule niliujua. Nilikaa nao nyumba moja miaka miwili, nilijua unavyokuwa ukidanganya kuhusu sukari iliyokwisha. Haukuwa unadanganya. Ule ushuhuda alikuwa ameusema siku moja kwa hila, akauamini polepole, na sasa hapakuwa na kitu kingine ndani yake. Usiku ule wa Januari tulikuwa wawili tu uani. Shahidi mmoja alikuwa amehamia upande wa pili bila kujua, na aliyebaki ni mwenye duka Kyuso ambaye, kwa maelezo ya pande zote, ni mnyenyekevu mno.

Niliadhibiwa kwa sentensi yake, na sasa nilikuwa navishwa kilemba cha ukoka kwa sentensi ile ile. Ningeweza kupiga kelele. Lakini yeye alikuwa analia machozi ya kweli, na wale wawili walikuwa wamefumba macho tayari kuomba.

Nikasema asante. Nikamfungia ndengu za kwenda nazo, kwa sababu mgeni hatoki dukani kwangu mikono mitupu. Akaondoka amesamehewa kosa ambalo hakulifanya, na lile alilolifanya nikabaki nalo mimi peke yangu.